Koo la Nyumba

Mama yangu akiingia nyumba ya mtu kwa mara ya kwanza, kabla hajasifu kuta wala viti, huuliza moshi unatokea wapi. Swali hilo nimelisikia tangu utotoni mpaka likanipita masikioni, kama mtu anavyoizoea saa ya ukutani hata asisikie mlio wake. Ilinibidi nimbebe binti yangu usiku wa mvua, amelegea mikononi kama kanga iliyoloa, ndipo nikaelewa Mama alikuwa anauliza nini miaka yote.

Nyumba yetu iko Lushoto, juu ya mji, pale lami inapoishia na mikaratusi inapoanza. Ni nyumba ya mawe ya zama za Wajerumani, enzi ambazo mji huu uliitwa Wilhelmstal na maofisa wao walipanda huku kukimbia joto la pwani. Baba aliinunua ikiwa imechakaa, akaifufua chumba kimoja kimoja. Kuta zake ni nene kuliko urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Watu wa Mombo, kilomita 30 na kitu chini yetu, huwasha feni usiku ambao sisi tunajifunika blanketi mbili. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huingia mpaka barazani, na asubuhi unaiona pumzi yako ikikutangulia.

Ndiyo maana sebule ile ilijengewa meko ya ukutani. Mdomo wake ni mpana kama meza ya watu wanne. Ndani ni tofali za kuchoma, na juu ya mdomo kuna koo linalobana kisha kupanuka kwenda kwenye dohani. Kooni pana kibao cha chuma chenye mkono wa kusukuma: ukisukuma mbele kinafunguka, ukivuta kinafunga. Hapo Mama amewasha moto kwa zaidi ya miaka 40. Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza anafungua kibao. Kisha anakunja gazeti, analiwasha, analinyanyua mpaka kooni na kulishikilia hadi limkaribie vidole. "Dohani baridi haivuti," alikuwa akituambia. "Ipashe kwanza, ijue kuna mgeni." Moshi wa gazeti ukipanda bila kugeuka, ndipo anaweka vijiti vya miwati, na magogo baadaye.

Kisha kifua kikamsumbua. Alikohoa mvua nzima na kiangazi kizima, na daktari akatuambia bila kuzunguka kwamba moshi wa kuni lazima ukome, wa kupikia na wa kuotea. Wa kupikia haukuwa taabu. Mtungi wa gesi ulikuwa umeshaingia nyumba nyingi za mtaa wetu, na mwaka 2024 serikali yenyewe ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Taabu ilikuwa sebuleni. Mama wa miaka 70 na kitu hawezi kukaa kwenye jiwe baridi miezi 3, na kumnyima moto wake kulikuwa sawa na kumwambia ahame.

Kaka yangu mkubwa anaishi Ohio, Marekani. Nyumba yake nayo ni ya zamani, ya matofali, yenye meko ya ukutani yaliyokuwa ya kuni. Huko gesi huja kwa bomba chini ya barabara mpaka ndani ya nyumba, na watu wengi wamevuta bomba dogo hadi kwenye meko ya zamani, wakaweka bana, yaani kichomeo cha gesi, na magogo ya kauri juu yake. Alinionyesha kwa simu, moto ukiwaka, hakuna majivu, hakuna mtu anayekohoa.

"Mdogo wangu, hili ni jambo la siku moja," alisema. "Nitawatumia seti nzima. Nyie tafuteni fundi wa kupitisha bomba tu."

Mzigo ulikuja kwenye kontena pamoja na vitu vya watu wengine, tukaufuata Dar es Salaam. Watoto waliufungua wakiwa wamepiga magoti. Magogo yalikuwa 7, kauri tupu, yamechongwa magamba na vifundo mpaka unashawishika kuyanusa. Chini yake wavu wa chuma na bana ndefu yenye matundu. Kulikuwa pia na mfuko mdogo wa skrubu, na kibanio kimoja cha chuma chenye umbo la ndoana pana na boliti ubavuni. Hakuna aliyejua kazi ya kibanio hicho. Kikaenda jikoni, kikawa kinashikilia pazia.

Ubavuni mwa bana palipigwa kibati kidogo chenye maandishi ya Kiingereza yasemayo kwamba chombo hiki ni cha gesi asilia. Tulilisoma neno gesi, tukaridhika.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana hodari wa majiko ya gesi, mwepesi wa mkono na mwenye adabu. Mtungi tuliuweka stoo, nyuma ya ukuta wa meko, ili bomba liwe fupi. Kilichobaki ni kutoboa. Siku ya kwanza aliingia ukutani kwa drili kiasi cha shubiri, biti ikavunjika. Siku ya pili akaja na patasi na nyundo, na vumbi jeupe likatanda juu ya makochi, kwenye picha ya Baba, mpaka ndani ya sukari. Alasiri patasi ikaponyoka ghafla, kama imetumbukia. Kumbe ukuta ule ni kuta mbili za mawe zilizosimama sambamba, na katikati kumejazwa kokoto na udongo ambao kwa miaka mingi umeshuka na kuacha uwazi. Bomba lake la shaba halikufika upande wa pili. Akaunga kipande kingine palepale katikati, akasukuma, akaziba huku na huku kwa saruji. Kiungo kikabaki gizani, ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna mtu angekiona tena.

Tulipowasha jioni ile, nakiri, nilitokwa na machozi. Moto ulipanda mrefu, wa njano, ukiyalamba magogo yote. Mama alisogeza kigoda chake pale kinapokaa siku zote, akanyoosha mikono, na kwa mara ya kwanza mwaka ule akaota moto bila kukohoa.

Siku ya tatu kitinda mimba wangu, wa miaka 4, alikuwa akisukuma gari lake sakafuni. Akainua kichwa akasema, "Mama, kapeti linanuka." Mimi nilikuwa nimesimama, sikusikia kitu. Nikainama, bado. Nikalala kifudifudi pale alipokuwa yeye, ndipo harufu ikanipiga, ile ya mayai yaliyooza. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu. Harufu ile hutiwa makusudi ili ikivuja watu wajue. Na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: propani mara 1 na nusu, na butani mara 2. Haipandi ikatokea dirishani. Hutiririka chini kama maji, ikajaza mashimo na pembe, na ikangoja cheche. Aliyekuwa karibu nayo ni yule mfupi kuliko wote.

Tulifunga koki ya mtungi, tukafungua milango, tukaacha swichi zote kama zilivyokuwa, tukatoka nje. Fundi alipakaa povu la sabuni kwenye viungo, na nati moja ya stoo ikatoa mapovu. Akaikaza. Harufu ikapungua, ikawa inakuja siku moja moja, kidogo. Tukaridhika.

Kisha ikaja Julai na upepo wake. Dohani ile, ambayo siku zote ilikuwa na moto mkali wa kuni chini yake, sasa ilikuwa inashusha ubaridi usiku kucha, na popo walianza kuingia. Baba watoto, ambaye hakuna kazi ya nyumba inayomshinda, alivuta mkono wa kile kibao, kikafunga. Kwa kuwa pembeni paliacha nyufa, akasokomeza magunia.

"Mkwe wangu," Mama akamwambia, "hapo umeifunga koo nyumba."

"Mama, gesi haina moshi," alijibu kwa upole. "Dohani tena ya nini?"

Lilikuwa jibu lenye mantiki. Sebule ikapata joto ambalo haijawahi kulipata, maana sasa hakuna kilichopotea angani. Hata mimi nilimpongeza. Mama alinyamaza, kwa sababu ni mtu asiyebishana na mkwewe mbele ya watoto. Tukaridhika mara ya tatu.

Baada ya wiki moja nyumba nzima iliumwa kichwa. Kwetu kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, mtu hafikiri mara mbili: malaria. Tulipima wote, majibu yakaja hamna. Tukapima tena, hamna. Lakini ugonjwa huu ulikuwa na ratiba yake. Ulianza baada ya magharibi, ukakolea kuelekea saa 3 usiku, na asubuhi watoto walipofika shuleni walikuwa wazima kabisa. Mama, aliyezoea kusimulia hadithi mpaka wajukuu walale, sasa yeye ndiye aliyelala wa kwanza, kidevu kifuani.

Asubuhi moja alinivuta mkono mpaka kwenye meko. Juu ya mdomo, kwenye jiwe ambalo Baba alilisugua likawa jeupe, palikuwa na ulimi mweusi. Mama akalowesha pindo la kanga yake, akalipitisha mara moja, akanifunulia. Lilikuwa jeusi ti, masizi laini yenye mafuta.

"Mlisema hauna moshi," akaniambia. "Hili ni nini, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Nilisema nitamwita fundi Jumatatu. Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi ilinyesha tangu mchana. Tulifunga madirisha yote, tukawasha moto magharibi ilipoingia, tukala palepale mbele yake. Kama saa 4 usiku binti yangu mkubwa, wa miaka 12, aliinuka kwenda kunywa maji. Alifika mlangoni, akaushika mwimo, akateremka taratibu kama nguo inayotoka kwenye msumari. Nilimwona na nilitaka kuruka, lakini miguu haikunitii. Kichwa changu kilikuwa kimejaa pamba. Aliyesimama ni Mama. Hadi leo sijui alitoa wapi nguvu zile. Alipiga kelele moja, "Fungueni!", akaenda mwenyewe akasukuma mlango wa mbele mpaka ukagonga ukuta, na mvua ikaingia ndani. Baba watoto alitambaa hadi koki akaifunga. Tukaburutana hadi barazani, na hewa ile ya baridi tuliyokuwa tukiikimbia mwezi mzima tukainywa kama wenye kiu.

Jirani alituteremsha hospitalini kwa gari lake. Walimbana binti yangu kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikaandika 98. Namba nzuri kabisa. Lakini daktari wa zamu alimtazama usoni, akatutazama na sisi, akauliza, "Wangapi mnaumwa kichwa?" Nikasema wote. "Mna jiko la mkaa ndani?" Nikasema hapana, ni gesi. "Moshi wake unatokea wapi?"

Swali la Mama. Neno kwa neno.

Alimvalisha barakoa ya oksijeni kabla hata sijamaliza kueleza. Alitufafanulia asubuhi yake, kwa subira, na maneno yake nayaandika kwa sababu naamini kila nyumba ya baridi inayahitaji. Moto wowote, wa kuni, mkaa au gesi, ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha. Ikiingia mwilini huishika hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika, basi damu inazunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Kifaa kile cha kidole hudanganyika, kwa kuwa damu iliyoshikwa na sumu hii bado ni nyekundu na kifaa kinaihesabu kuwa ina oksijeni. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua kama saa 4 au 5 kuitoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni ya barakoa, muda hupungua hadi kama saa 1 na nusu. Ni sumu hiihii inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, na asubuhi majirani wakasema wamekufa usingizini kama wamerogwa.

Binti yangu alifungua macho kabla ya alfajiri, akaomba chai. Sijawahi kumpa mtu chai kwa shukrani kama ile niliyomnunulia kwenye chupa ya mama lishe nje ya geti.

Kwa mwezi mzima meko yalikaa kimya. Kisha tukaelekezwa kwa mzee mmoja aliyefunga gesi kwenye mahoteli miaka mingi kabla ya kurudi kulima viazi milimani. Alikuja na mfuko mmoja wa vifaa. Tulimwamkia shikamoo, akaitika, akaomba kiti, akakaa mbele ya meko kwa muda mrefu bila kugusa kitu, kama mganga anayemsikiliza mgonjwa. Halafu akavaa miwani, akainama, akasoma kile kibati.

"Hii bana ni ya gesi nyingine," alisema.

Alitueleza. Gesi asilia, ile ya bomba ya huko kwa Kaka na hii yetu ya Songo Songo inayokwenda Dar es Salaam tangu 2004, sehemu kubwa ni methani, nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni propani na butani, na ukipima ujazo uleule ina nishati karibu mara 2 na nusu. Kwa hiyo nozeli ya gesi asilia hutobolewa tundu kubwa, na ya mtungi tundu dogo. Sisi tulikuwa tunapitisha gesi nzito kwenye tundu kubwa. "Moto wenu ulikuwa unapewa chakula kingi kuliko pumzi," alisema. "Ule urefu na unjano mliofurahia ulikuwa ni njaa ya hewa. Na masizi yale ni chakula kilichobaki."

Akaomba tochi, akaingiza kichwa kwenye koo, akayavuta magunia. Yalitoka meusi. Akasukuma mkono wa kibao, kikafunguka kwa mlio ambao Mama aliusikia kutoka jikoni, akaja. Mzee akamuuliza Baba watoto kama kwenye boksi hakukuwa na kibanio, chuma cha hivi na hivi, chenye boliti. Tukatazamana. Mwanangu wa kati akaenda jikoni, akarudi nacho, na pazia likabaki linaning'inia.

Mzee alikishika kwenye mwanga. "Hiki ndicho kitu cha kwanza kufungwa," alisema. Akakipachika kwenye ukingo wa kibao cha dohani, akakaza boliti, kisha akavuta mkono kwa nguvu zote. Kibao kikagoma kufunga. Basi, hiyo tu ndiyo kazi yake: kuhakikisha kwamba koo halifungwi tena, hata na mtu mwenye nia njema. Waliotengeneza magogo yale Marekani walijua kwamba siku moja kutakuwa na baridi, na mtu atautazama mwanya ule na kuuona wa hasara. Walitutumia jibu tayari, sisi tukalishikiza pazia.

Baba watoto alikaa chini kwenye ukingo wa meko. Alimwambia Mama, "Nisamehe, Mama." Mama akamjibu, "Ulitaka tupate joto, mwanangu. Inuka umshikie mzee tochi."

Ukuta ndio uliochukua siku nyingi. Mzee alifunga koki, akaweka geji kwenye bomba, akajaza hewa, akatuambia tukae tuitazame sindano. Baada ya dakika 15 ilikuwa imeteremka. Povu la sabuni halikuonyesha kitu kwenye kiungo chochote cha nje. "Basi iko ndani," alisema, na akapasua saruji. Kiungo cha gizani kilikuwa kinavuja kidogo kidogo, na gesi ilikuwa ikijikusanya kwenye ule uwazi wa katikati ya kuta mbili, ikitoka kwenye nyufa za sakafu siku ilipopenda. Harufu ile ya siku moja moja, tuliyoridhika nayo, ilikuwa ikituita kila ilipokuja.

Alitoboa tundu jipya, na safari hii akapitisha kwanza bomba pana la chuma kutoka upande hadi upande, kama ala ya kisu. Ndani ya ala akapitisha bomba la shaba la kipande kimoja, lisilo na kiungo hata kimoja ukutani. Upande wa ndani akaziba nafasi iliyobaki; upande wa nje akaiacha wazi, ili gesi ikivuja ndani ya ala itokee uani. Mtungi ulitoka stoo. Ulijengewa jukwaa la zege nje, umesimama wima chini ya paa dogo la bati, mbali na mfereji wa maji na mbali na dirisha, kwa sababu ya ile tabia yake ya kutiririka chini. Kando ya meko akafunga koki ya mkono, mahali ambapo hata mtoto aliyesimama mlangoni anaona kama iko wazi au imefungwa.

Kuhusu nozeli, alikataa katakata kuichonga mwenyewe. Kaka alituma vifaa vya kubadilishia kutoka kwa watengenezaji walewale, akampa msafiri. Alikuwa amelia kwenye simu tulipomsimulia, na hakutaka kusikia kwamba si kosa lake peke yake. Ndani ya vifaa hivyo kulikuwa na nozeli ndogo, na koki yenye mwali mdogo wa kudumu na kijiti cha kuhisi joto. Kijiti hicho kikiwa cha moto hutoa umeme kidogo mno, unaotosha tu kuishikilia koki iwe wazi. Mwali ukizimika kinapoa, na gesi inajifunga yenyewe. Alituma pia kengele ya kaboni monoksaidi, tumeitundika kwenye korido ya vyumba vya kulala.

Mwisho mzee alipanda juu ya paa na mnyororo na brashi ya waya, akashusha ndoo 3 za masizi na lami ya moshi ya miaka mingi, pamoja na viota. Akaziba nyufa za tofali kwa saruji ya kuhimili moto. Chini ya dirisha la sebule akatoboa matundu ya hewa yasiyo na kifuniko. Baba watoto aliyatazama matundu yale, safari hii bila neno.

Sasa moto wetu ni mfupi kuliko ule wa kwanza, na chini yake una ubuluu. Joto jingi linapanda na dohani, siwezi kuficha hilo. Bana inakula kama nusu kilo kwa saa, kwa hiyo mtungi wa kilo 15 ni saa 30, na tumeugawa saa 2 kila jioni, kuanzia baada ya magharibi hadi taarifa ya habari imekwisha. Kisha Mama anapewa chupa ya maji ya moto, anajifunika shuka lake, na tunalala.

Kabla ya kuwasha, Mama amerudisha utaratibu wake. Kibanio kipo, koo li wazi, lakini yeye anataka kuona. Kwa kuwa kifua chake hakitaki moshi hata wa udi, kazi hiyo amempa kitinda mimba. Mtoto anashika kijiti kimoja kilichowashwa, anakinyoosha hadi kwenye mdomo wa meko, na sote tunanyamaza. Moshi unapanda wima kidogo, kisha unainama, unaingia ndani ya koo kama uzi unaovutwa na mtu aliyekaa juu ya paa. "Imevuta, Bibi," anasema, na Bibi anaruhusu kiberiti.

Wiki iliyopita upepo uligeuka, ukawa unavuma kutoka msitu wa Magamba. Mtoto alinyoosha kijiti. Moshi ulipanda, ukasita, ukamrudia usoni. Akapepesa macho. Akajaribu tena pembeni, ukarudi tena.

"Haivuti," akasema.

Nilimtazama Mama. Baridi ilikuwa ya kuuma, na alikuwa ameshasogeza kigoda chake. Akaegemea ukuta, akakirudisha kigoda mahali pake.

"Leo hapana," akasema. "Leteni masweta."